Sura ya Sita: Ushuru wa Meza ya Michembe

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa hadi vikakauka kabisa. Unyamwezini ni akiba ya nyumba. Kwa mama anayeipanga mezani sokoni Tabora, ni daftari na sare za mtoto. Meza hiyo ina ushuru wake, na siku ushuru unapopanda, mama huyu huambiwa maneno mawili tu: “Baraza limepitisha.” Sura hii inayafungua maneno hayo, kwani wengi huyasikia kama habari za mvua, jambo lililoshuka tu lenyewe.

Tabora inajua ushuru usiozungumzwa unavyoweza kuumiza. Ilipokuwa bado Kaze, kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, utemi wenye mji huo, alifariki, mwaka 1858, na Mnywa Sele akakalia kiti chake. Mtemi huyu mpya aliweka ushuru juu ya bidhaa za wafanyabiashara. Waarabu wa Kaze walikataa, wakashika silaha, wakamwondoa na kumweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele akaingia porini, na kwa miaka kadhaa barabara ya misafara haikuwa na usalama, mpaka alipouawa mwaka 1865. Wapo wanaosimulia kisa hiki kama ukaidi wa mtemi, na wapo wanaokisimulia kama jeuri ya matajiri. Mimi naona zaidi ya hapo. Mtemi alikuwa na wanyampara wa kumshauri, lakini mfanyabiashara hakuwa na nafasi katika shauri lao, na mji haukuwa na mahali pa kukutanisha mtoza na mtozwa kabla kiwango hakijatangazwa.

Mahali hapo leo panapaswa kuwa Baraza la Madiwani. Nasema panapaswa, maana hata Baraza lenyewe liliwahi kuondolewa. Mwaka 1972, wakati wa Madaraka Mikoani, halmashauri zilivunjwa na kazi zake zikachukuliwa na watumishi wa mikoa na wilaya. Huduma za miji zilidhoofika upesi, na halmashauri za miji zikaanza kurudishwa mwaka 1978. Sheria inayoziongoza hadi sasa, Sheria Namba 8, ilitungwa mwaka 1982.

Manispaa ya Tabora ina kata 29, na kwa Sensa ya 2022 watu wake ni zaidi ya laki tatu. Ziko kata za mjini kama Gongoni, Isevya na Tambuka Reli, na ziko za pembezoni ambako bado watu wanaishi kwa jembe. Kila kata ina diwani wake wa kuchaguliwa, kisha wapo madiwani wa viti maalumu na mbunge. Meya huongoza kikao. Mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais, ndiye katibu wake.

Tuseme pendekezo ni kupandisha ushuru wa meza. Halianzii ukumbini. Huanzia kwa wataalamu wanaoandaa bajeti: wanatazama makisio ya mapato ya ndani, wanaona pengo, wanatafuta pa kuliziba. Menejimenti ikikubali, pendekezo huenda Kamati ya Fedha na Uongozi, inayoongozwa na Meya mwenyewe na kukutana kila mwezi, tofauti na kamati nyingine ambazo hukutana kila robo mwaka.

Hapa ndipo penye uzito wote. Ndani ya kamati wajumbe ni wachache na hesabu ziko mezani. Diwani mwenye uchungu na watu wake anaweza kuuliza: meza ni ngapi, zinazolipa ni ngapi, na fedha zinazopotea njiani ni kiasi gani? Pengine ataonyesha kwamba kuziba uvujaji kungeleta zaidi ya kupandisha kiwango. Pendekezo likitoka humo, huingia kwenye kabrasha la Baraza pamoja na mengine mengi. Ukumbini mna joho, dua, yatokanayo na kikao kilichopita, “Mstahiki Meya, naunga mkono hoja”, na kura. Mkutano ni wa wazi, lakini mwananchi aliyekaa upande wa wageni ni wa kusikiliza tu. Amefika shauri likiwa limeshaiva.

Hata hivyo sheria imemwekea mlango. Ushuru huwekwa kwa sheria ndogo, na kabla ya kuitunga, halmashauri inatakiwa itangaze kusudio lake, ieleze inachokusudia kutoza, na ipokee maoni na pingamizi za wakazi. Baraza likishapitisha, bado haijawa sheria mpaka Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aidhinishe na ichapishwe katika Gazeti la Serikali. Kinachoniuma ni tangazo lile la mwanzo. Karatasi ikibandikwa kwenye ubao wa ofisi, muuza michembe hataiona, kwa sababu saa za ofisi ndizo saa zake za kuuza. Tangazo la ushuru wa soko lisomwe sokoni, kwa sauti, meza kwa meza.

Kwa nini macho ya wapanga bajeti yarudi kwenye meza hizo? Kwa sababu vyanzo vikubwa vimebanwa kutoka juu. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, tumbaku ikiwemo, na 2 kwa mazao ya chakula. Kodi ya majengo, tangu 2021, hukatwa kupitia LUKU, mtu anaponunua umeme, si kwa mkono wa halmashauri. Wakati huohuo halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa hiyo shilingi ya michembe inaweza kumrudia mwenye meza ikiwa mtaji, iwapo yumo kwenye kikundi na anajua pa kuomba.

Mahali ambapo anaweza kusimama na kusema ni mkutano wa mtaa. Likiandikwa kwenye muhtasari, neno lake huenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, anayoiongoza diwani yuleyule atakayepiga kura. Lakini kalenda ina haraka. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na bajeti hupitishwa barazani miezi kadhaa kabla ya hapo. Wakati wa kusema ni kabla ya Januari, wenye mashamba wakiwa wanapanda na kila mtu akiwa na haraka zake. Ikifika Julai, mkusanya ushuru husimama mbele ya meza na mashine ya POS mkononi, kiwango kipya kimeshaingizwa ndani, na kinachotoka ni risiti.