Usawa wa Mtawanyiko wa Galaksi Ulimwenguni: Suala la Kipimo

1.0 Utangulizi

Nadharia za kisasa kuhusu ulimwengu zimejengwa juu ya dhana moja: kwamba, ukitazamwa kwa kipimo kikubwa cha kutosha, ulimwengu una maada iliyoenea kwa usawa, wala hauna kitovu. Dhana hiyo ikiporomoka, hesabu za umri na upanukaji wa ulimwengu zitapaswa kuangaliwa upya. Makala haya yanafafanua maana ya usawa huo na ushahidi wake.

2.0 Usawa wa Pande na Usawa wa Mahali

Dhana hizi mbili aghalabu huchanganywa. Mtu aliyesimama katikati ya shamba ambalo minazi yake imepandwa kwa miduara huona hali ileile kila aelekeako. Hata hivyo, minazi yaweza kusongamana karibu naye na kuwa haba mbali. Hapo pana usawa wa pande pasipo usawa wa mahali.

Usawa wa pande umethibitika zaidi. Mnururisho uliosalia tangu enzi za awali za ulimwengu, kama ulivyopimwa na setilaiti ya COBE katika matokeo ya mwaka 1992, hutofautiana kwa takriban sehemu 1 tu katika 100,000. Usawa wa mahali, kwa upande wake, hudai kuhesabu galaksi pamoja na umbali wake.

3.0 Ushahidi wa Hesabu

Hesabu za awali zilizua shaka. Mwaka 1981 Robert Kirshner na wenzake waliripoti pengo kubwa upande wa kundinyota la Boötes. Mwaka 1989 Margaret Geller na John Huchra walieleza ukuta wa galaksi wenye urefu wa mamia ya mamilioni ya miaka-nuru. Luciano Pietronero alishikilia kwamba makundi ndani ya makundi huendelea bila kufikia usawa.

Mwaka 2005 David Hogg na wenzake walihesabu galaksi ndani ya matufe ya ukubwa mbalimbali. Nusukipenyo kilipozidi takriban miaka-nuru milioni 330, idadi ya galaksi iliongezeka sawia na ujazo wa tufe. Hiyo ndiyo maana halisi ya usawa.

4.0 Hitimisho

Mkeka ukitazamwa kwa karibu huonyesha miyaa na mianya. Kwa mbali huonekana kitu kimoja. Usawa wa galaksi, kadhalika, ni wa wastani, na hauzuii kuwapo kwa kuta na mapengo. Mjadala haujafungwa: mwaka 2021 Alexia Lopez alitangaza tao lenye urefu wa takriban miaka-nuru bilioni 3.3. Hata hivyo, umbo moja, hata likiwa kubwa, halitoshi kutengua wastani. Sharti ionyeshwe kwamba maumbo ya namna hiyo ni mengi kuliko yanavyoweza kutokea kwa nasibu.