Laki nne, wasichana wawili na kisiwa cha Bugala

Mwezi huu tumeombwa tuandike habari ya safari yetu, kwa sababu hata leo tukikutana na watu kwenye bomba la maji wanauliza: eti nyinyi mlikwenda kutembea kisiwani? Kwa pesa ya nani?

Kwa pesa yetu. Mmoja wetu anasoma ualimu Hoima, mwingine ana cherehani hapa Kyangwali, karibu na soko la Kasonga. Mwanafunzi alifundisha watoto wa jirani jioni, fundi alishona sare za shule, na kila Jumamosi tuliweka kitu kidogo kwenye kopo la maziwa. Baada ya miezi mitano tulihesabu shilingi laki nne. Tukasema twende Ssese, visiwa vya Ziwa Viktoria, tuone na sisi mahali ambapo watu wengine wanakwenda kupumzika.

Shida ilikuwa mama. Ni mama wa mmoja wetu, lakini ametulea wote wawili. Alikuwa anachambua maharage, akaacha. "Mnakwenda majini tena? Maji yale hayakuwatosha?"

Hapa kambini hatuna haja ya kueleza sana. Mwanzoni mwa 2018 maelfu ya watu wa Ituri tulivuka Ziwa Albert kwa mashua za wavuvi. Sisi tulikuwa na miaka kumi na minne. Tulipanda Tchomia usiku, tumebanana kama ndagala kwenye gunia, na maji yalipoanza kuingia wenye mashua walitupa mabegi ya watu ziwani. Tulishuka Sebagoro asubuhi tukiwa na nguo za mwilini tu. Wapo waliopanda kule ambao hawakufika huku. Kwa hiyo mama hakuwa anasema maneno ya bure, na sisi hatukubishana naye. Tulimwambia tutavuka kwa feri, ile meli ya chuma inayobeba malori. Akasema lori ni zito, litaizamisha. Mwishowe alitupa kitunguu saumu tuweke kwenye begi, hatukuuliza cha nini.

Tuliondoka mwanzoni mwa Desemba 2023, na mwenye kupanga safari ashike hilo: ukingoja wiki ya Krismasi nauli zinapanda vibaya. Tulibeba vitambulisho vyetu vya ukimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea ndani ya Uganda, lakini kitambulisho ukikiacha nyumbani, maelezo yanakuwa marefu. Sisi tuliulizwa mara moja tu njiani, tukaonyesha, basi.

Kwenda Ssese kuna njia mbili. Ipo meli inayotoka Nakiwogo, pale Entebbe, ambayo unalipia. Ipo pia njia ya Masaka: unashuka mpaka Bukakata ufukweni, halafu feri ya kuvukia Luuku, upande wa kisiwa. Ni kuzunguka, lakini siku tuliyovuka hatukudaiwa hata shilingi. Mtu wa laki nne hana haja ya kufikiri mara mbili. Tulilala Kampala kwa binamu, chakula cha jioni kikawa kikomando, chapati iliyokatwakatwa ndani ya maharage, ambacho wanafunzi wote wa Kampala wanakijua. Kesho yake tukapanda taksi ya Masaka. Pale Kayabwe gari lilipita kwenye ile alama ya ikweta, tukaona wageni wanapiga picha. Dereva hakusimama hata kidogo.

Bukakata ndipo mambo yalipokuwa magumu. Feri ilikuwa imeshatia nanga, malori yanaingia, wamama wana vikapu vya kuku. Fundi wetu wa cherehani alifika kwenye lile bamba la chuma akasimama. Miguu ilikataa. Watu nyuma yake walianza kupiga kelele, wakidhani anachezea simu. Hatukuwa tumepanga kitu kama hicho. Tulikuwa tumehesabu nauli, chumba, chakula, kila kitu, isipokuwa hiki.

Aliyemsaidia ni mama mmoja muuza kuku. Alimpa kuku wawili awashike, kila mkono mmoja, akasema kwa Kiganda kitu kama: nishikie, mimi nimechoka. Mtu mwenye kuku wawili wanaopiga mabawa hana nafasi ya kutazama maji. Akaingia. Akakaa chini karibu na tairi la lori, macho yamefungwa, kuku mapajani, na kama nusu saa baadaye tukawa Luuku. Tulivaa majaketi ya kuokolea, na tunasema wazi: hata mashua ndogo ya kwenda kuvua, usipande bila jaketi. Si woga.

Bugala ndicho kisiwa kikubwa kati ya visiwa 84 vya Ssese. Kutoka Luuku hadi mji wa Kalangala unapita msitu, halafu michikichi ya mafuta, mistari na mistari, halafu msitu tena. Sehemu kubwa ya michikichi hiyo ilipandwa miaka ya 2000 baada ya miti kukatwa. Inaleta kazi, ndiyo, lakini sisi tuliopanda miche hapa Kyangwali ili tupate kuni tulisikia uchungu kidogo. Tulipata chumba cha shilingi elfu ishirini kwa usiku, kitanda kimoja, neti yenye tundu moja ambalo fundi alilishona kabla ya kulala.

Ufuko wa Lutoboka una mchanga na nyani wadogo wezi. Walitunyang'anya ndizi. Kuogelea hatukuogelea: hatujui, na ziwa lina kichocho, kinachotoka kwa konokono na kuingia kwenye ngozi ukikaa majini. Wazazi wenye watoto wanaocheza ziwani, hata huku kwetu Ziwa Albert, watoto wapelekwe wakapewe vidonge.

Siku ya pili tulikaa na mzee anayeuza samaki. Alituuliza tumetoka wapi, tukasema Kongo, lakini tunakaa kambini. Akacheka, akasema basi sisi ni wenzake. Tukadhani anatania. Akaeleza kwamba mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa wa malale uliua watu wengi sana kandokando ya ziwa hili. Daktari Mjerumani Robert Koch alikuja hapa Ssese mwaka 1906 kujaribu dawa iitwayo atoksili, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Mwaka 1909 serikali ya Waingereza ikaamuru watu wote wahame visiwani. Wakapakiwa kwenye mitumbwi. Babu yake mzee huyu alikuwa mtoto, alikaa bara miaka kumi na kitu kabla ya watu kuruhusiwa kurudi. "Alipofika hapa," alisema mzee, "hakuijua njia ya kwao. Msitu ulikuwa umekula nyumba."

Tulinunua kwake samaki wakavu wa elfu kumi na tano. Alitupimia zaidi.

Wakati wa kurudi fundi aliingia kwenye feri mwenyewe, bila kuku. Alikaa palepale chini kwenye tairi, lakini macho yalikuwa wazi. Masaka pesa ikatuishia kabisa, maana mtu wa pikipiki alitutoza mara mbili, na ilibidi kaka atutumie elfu thelathini kwenye simu. Tumeshamrudishia.

Nyumbani mama aliwageuza wale samaki mkononi, akauliza: "Mliingia majini?" Tukasema miguu tu. Akawasha moto. Baadaye, ugali ukiwa mezani, akataka kujua feri ni shilingi ngapi. Tukamwambia hawatozi.

"Bure?" akasema. "Mimi walinitoza simu na vitenge viwili."

Akala kidogo. Kisha akauliza kama hiyo feri ina mahali pa mtu mzima kukaa.