Marudio ya Misingi ya Serikali na Uraia: Tuanzie Kijijini

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi ya kuendesha marudio ya mada ambayo kila mwalimu wa madarasa ya juu ya shule ya msingi hana budi kukutana nayo, yaani misingi ya serikali yetu na uraia. Somo lenyewe limebadilishwa jina zaidi ya mara moja. Zamani liliitwa Siasa, baadaye likaitwa Uraia, lakini mada hii haikukosekana. Mifano yetu tumeichukua katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, na katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, kwa kuwa huko mambo mengi ya somo hili yanaonekana kwa macho.

Aghalabu mwalimu huanza marudio kwa kuandika ubaoni mihimili mitatu, yaani Serikali, Bunge na Mahakama, kisha darasa zima huitikia kwa sauti moja. Hatukatai kwamba majina hayo yapasa kujulikana. Lakini mwanafunzi aweza kuyataja bila kigugumizi, na bado asijue jibu la swali hili: mwenyekiti wa kijiji chenu amepewa madaraka na nani? Wengine watasema amepewa na mtendaji, wengine watasema na mkuu wa wilaya. Mwanafunzi huyo amejifunza majina ya vyumba vya nyumba, msingi wake hajauona. Ibara ya 8 ya Katiba ya mwaka 1977 yasema kwamba wananchi ndio chimbuko la mamlaka yote, na kwamba Serikali hupata madaraka yake kwao kwa njia ya Katiba hiyo. Marudio yote yafaa yazunguke hapo.

Basi tuanzie kijijini. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, chombo kikuu cha kijiji ni mkutano mkuu, ambao ni wa wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Mkutano huo ndio unaochagua halmashauri ya kijiji yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, pamoja na mwenyekiti. Wanafunzi wengi wamekwisha kuona wazazi wao wakipanga foleni ya kuchagua viongozi wa kijiji na vitongoji, kama ilivyokuwa Novemba 2024. Mwalimu awaulize waliona nini, awaache waeleze wenyewe, naye asiharakishe.

Baada ya hapo achore ubaoni safu mbili. Safu ya kwanza ni ya waliochaguliwa. Ya pili ni ya walioteuliwa au kuajiriwa. Wanafunzi wataje mtu mmoja mmoja wamjuaye kwa cheo na kusema anakaa safu gani. Mwenyekiti wa kitongoji, diwani, mbunge na Rais wataingia safu ya kwanza. Mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kata, mkurugenzi wa halmashauri, mkuu wa wilaya na hakimu wataingia ya pili. Mwenyekiti wa halmashauri ya wilaya atawasumbua kidogo, maana yeye huchaguliwa na madiwani wenzake, wala si na wananchi moja kwa moja. Wacha wabishane. Mabishano hayo yana faida kuliko dakika kumi za maelezo ya mwalimu. Kisha aulize juu ya kila jina: huyu akishindwa kazi, ni nani mwenye uwezo wa kumwondoa? Hapo ndipo safu hizo mbili zinapopata maana, na hapo ndipo mtoto wa mvuvi wa usipa atakapotambua kwamba baba yake na mama yake wamo katika mpango wa serikali, tena si mwishoni mwa orodha.

Mfano mzuri wa madaraka yatokayo juu ni wilaya yenyewe. Hadi mwaka 2012 Liuli, Lituhi na Mbamba Bay zilikuwa ndani ya wilaya ya Mbinga. Mwaka huo ikaundwa wilaya ya Nyasa, na makao yake yakawa Mbamba Bay. Ramani nyingi za zamani zilizotundikwa ukutani bado hazionyeshi jambo hili, na yafaa mwalimu azisahihishe kwa kalamu mbele ya darasa. Aliyeigawa ni nani? Ibara ya 2 ya Katiba humpa Rais uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa na wilaya. Lakini madiwani wanaokaa katika halmashauri ya wilaya hiyo wamepelekwa na wapigakura wa kata zao. Kwa hiyo katika mji mmoja mdogo kando ya ziwa mkuu wa wilaya na diwani wapo pamoja, na madaraka yao yametoka pande mbili.

Tusisahau kwamba mpango huu haukuwapo siku zote. Utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963. Halmashauri za wilaya nazo zilivunjwa mwaka 1972 na kurudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Kwa watoto wa Kimatengo kuna daraja jingine la kupitia, nalo ni sengu, kile kikao cha wanaukoo waliokula pamoja, wakapeana mashauri na kusuluhisha magomvi. Mwalimu asiidharau sengu kana kwamba ni ya kale tu, wala asiseme kwamba ni sawa na mkutano wa kijiji. Awaulize wanafunzi: mkubwa wa sengu alipata heshima yake wapi? Kwa umri na ukoo. Je, mgeni aliyehamia kijijini aliweza kusema humo kama wengine? Na katika mkutano mkuu wa kijiji je? Tofauti wataigundua wenyewe.

Suala la kutenganisha madaraka lapasa kufundishwa kwa uangalifu, maana vitabu hulirahisisha mno. Chukueni sheria ndogo ya kijiji, mathalani ya kuzuia mbuzi wasizurure katika kahawa na mashamba ya ngolo. Halmashauri ya kijiji huitunga baada ya mkutano mkuu kutoa maoni, halmashauri ya wilaya huithibitisha, kisha halmashauri ile ile ya kijiji husimamia utekelezaji wake. Mtu akikana kosa, shauri laweza kufika Mahakama ya Mwanzo. Hapa anayetunga na anayetekeleza hawakutengana kabisa, ila anayehukumu yu mbali nao. Hata juu kabisa ni hivyo: mawaziri wetu sharti wawe wabunge. Marekani, ambako Katiba iliandikwa mwaka 1787, waziri haruhusiwi kuwa mbunge. Kila nchi imechagua njia yake, na mwanafunzi wa darasa la saba ana akili ya kutosha kuuliza kila njia ina hatari gani.

Limebaki suala la uraia, nalo katika mwambao wa Nyasa ni zito kuliko mahali pengi. Sheria ya mwaka 1995 hutambua uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi, na mtu mzima haruhusiwi kuwa na uraia wa nchi mbili. Ng'ambo ya maji ipo Malawi, kusini ipo Msumbiji, na ndugu huvuka kuja harusini na kwenye misiba. Mpaka wenyewe una mzozo: Malawi hushikilia mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 na kudai maji hadi ufukweni, Tanzania husema mpaka upo katikati ya ziwa. Yaelezeni yote mawili kwa utulivu. Lakini kamwe msiwaulize watoto ni nani kati yao ambaye mzazi wake alizaliwa ng'ambo, wala msiwaombe wanyoshe mikono. Swali hilo, likiulizwa na mwalimu mbele ya wenzao, laweza kumfanya mtoto aitwe mgeni hadi amalize shule. Tumieni familia ya kubuni, iandikeni ubaoni tangu babu hadi mjukuu, na wanafunzi waamue kwa kufuata sheria nani ni raia na kwa njia gani. Kazi hiyo yatosha kipindi kizima, na majibu yaandikwe madaftarini kwa sentensi kamili.