Duka ni Lako, Je, Jina ni la Nani?

Tuseme wewe ni mkazi wa Runyenjes. Umepata zamu yako katika chama, umekodi chumba kando ya barabara ya Embu kwenda Meru, na wataka kufungua saluni. Binti yako anakushauri uipe jina la kampuni kubwa ya vipodozi ya ng'ambo. "Mama, hao wako Ulaya. Nani atakuja huku kwetu?"

Kabla hujamwita fundi wa kuandika bango, hebu tuzungumze kidogo.

Wengi hudhani kwamba cheti cha jina la biashara humaliza kila kitu. La, hasha! Cheti hicho huonyesha tu mwenye biashara ni nani. Haki ya jina lenyewe hulindwa na Sheria ya Alama za Biashara, na alama hizo husajiliwa na taasisi ya KIPI, jijini Nairobi. Kampuni ya kigeni yaweza kusajili alama yake hapa Kenya bila kufungua hata kibanda. Tena, jina likiwa mashuhuri, sheria yetu hulilinda hata kama mwenyewe hafanyi biashara nchini.

Mwaka 2015 kampuni moja ya Kenya, Sony Holdings, ilishindwa katika Mahakama Kuu ilipotaka kusajili jina lake kuwa alama ya biashara. Sony ya Japani ilikuwa imepinga.

Huenda wewe usishtakiwe leo wala kesho. Lakini biashara ikinawiri, ukafungua tawi Embu mjini na lingine Chuka, barua ya wakili yaweza kukufikia. Hapo utafuta bango, utatupa kadi, na wateja wataanza kuuliza ulihamia wapi. Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri.

Basi ufanyeje? Tafuta jina katika sajili ya majina ya biashara, kisha ulitafute KIPI pia. Ukipenda la nyumbani, kilima cha Kirimiri kipo. Hata hivyo, jina la mahali peke yake ni la wote, kwa hiyo liongezee neno lako mwenyewe. Ukilisajili kuwa alama, utalindwa kwa miaka 10, nawe waweza kuongeza muda.

Na binti akinung'unika, mwambie hivi: chema chajiuza. Wateja watarudi kwa sababu ya mkono wako, si kwa jina la watu wa Ulaya.