Tenki Tupu Si Salama

Mvua za Songea huanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Miezi hiyo, njia za vijijini zinazoshuka kuelekea mto Ruvuma hukatwa na makorongo. Gari likivuka korongo, tairi za mbele zikishapanda ukingo, za nyuma bado ziko chini, kinachokwaruza ardhi ni kile kinachoning'inia nyuma ya ekseli. Kwenye Land Rover na Land Cruiser nyingi za kazi, hapo ndipo tenki la mafuta lilipo.

Kwa hiyo wenye magari wanaomba tenki lipandishwe, na hawajakosea. Ila kwanza wapime. Kwenye gari la ekseli nzima, sehemu ya chini kabisa kwa kawaida ni difu. Springi ndefu haziiinui; inainuliwa na tairi kubwa, tena kwa nusu tu: tairi iliyozidi kipenyo kwa sentimita 5 huipandisha difu sentimita 2.5. Kama kinachogonga mgongo wa njia ni difu, kupandisha tenki hakutasaidia kitu.

Uzito hautishi sana, maana lita 90 za dizeli ni kilo 75 hivi. Tatizo ni mipira. Mafuta huingia tenki kwa kuteremka. Tenki likipanda na mdomo wa kujazia ukabaki palepale, mpira unalala, mafuta yanarudi juu, na pampu ya kituoni inakata kila baada ya lita chache. Mpira wa kupumulia nao ukibanwa, hewa haiingii kuchukua nafasi ya mafuta yanayotumika, na injini inakosa nguvu mlimani.

Lakini linaloniuma zaidi ni moto. Katika gereji moja mjini hapa nilimkuta fundi kijana amelishusha tenki la gari la petroli, amelikung'uta hadi tone la mwisho, na ameshika mashine ya kuchomelea ili alibandike masikio mapya. Nilimsihi aache. Aliniambia kwa upole kwamba halina kitu. Kumbe lilikuwa limejaa mvuke. Petroli ikifika asilimia 1.4 tu ya hewa iliyomo, cheche moja inatosha kulilipua. Tenki lililojaa mafuta pomoni lina nafasi ndogo mno ya mchanganyiko huo. Dizeli hutoa mvuke wa kuwaka ikipata joto la zaidi ya nyuzi 50, na moto wa kuchomelea hupita hapo mara nyingi mno.

Njia ya salama ipo. Vishikio vichomelewe kwenye chesisi, tenki likiwa limetolewa na kuwekwa mbali, kisha lifungwe kwa mikanda, bolti na mpira wa kuzuia msuguano. Likihitaji kukatwa umbo, litengenezwe jipya. Kazi hiyo huchukua muda na fedha zaidi, na anayepaswa kuzitoa ni mwenye gari. Ndugu yangu, usimwambie fundi achome haraka uwahi shamba. Mpe siku ya pili.