Kabla ya Kununua Ubongo Mpya wa Ekskaveta, Pima Nyaya Mbili

Fedha ya kiinua mgongo huingia nyumbani mwa askari mara moja tu katika maisha yake. Wako wanaonunua ng'ombe, wako wanaojenga nyumba za kupangisha, na wako wanaoungana watu wawili au watatu wakanunua ekskaveta iliyokwisha kutumika, kwa tumaini la kuikodisha kwenye ujenzi wa barabara na machimbo ya changarawe. Mashine hiyo hutoka Japani au Ulaya, hushushwa Mombasa au Dar es Salaam, kisha hupandishwa bara juu ya trela. Ikifanya kazi, watoto husoma. Ikisimama, nyumba nzima husimama pamoja nayo.

Basi asubuhi moja injini inawaka, lakini haiongezi mwendo. Mkono wa kuchimbia unakwenda kwa uzito. Kioo kilicho mbele ya dereva kinatoa namba za hitilafu mfululizo. Fundi anatazama, anatikisa kichwa, anatoa hukumu: "Ubongo umekufa." Ubongo ni jina ambalo mafundi wamelipa sanduku la kompyuta liongozalo injini au pampu, na bei yake yaweza kumeza mapato ya kazi ya muda mrefu. Hukumu hiyo huenda ikawa ya kweli. Lakini mara nyingi hutolewa kabla ya ushahidi kukusanywa, na mshitakiwa akawa hana hatia.

MTANDAO KAMA WA REDIO ZA JESHI

Zamani amri ya dereva ilipelekwa kwa kebo za chuma na mipira ya haidroliki, na kila taa ilikuwa na waya wake. Kompyuta zilipozidi ndani ya magari, nyaya nazo zikazidi mno. Mwaka 1986, mjini Detroit, kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza mtandao uitwao CAN, unaoziwezesha kompyuta zote kuzungumza juu ya nyaya mbili tu. Mashine nzito nyingi siku hizi hutumia mtandao huo kwa kanuni ziitwazo J1939, ambazo mwendo wake wa kawaida ni biti 250,000 kwa sekunde.

Aliyetumikia kitengo cha mawasiliano atauelewa mara moja. Vituo vyote viko kwenye njia moja, na kila kituo husikia kila neno. Wawili wakianza kunena pamoja, mwenye ujumbe wa namba ndogo zaidi, yaani ulio muhimu zaidi, huendelea, na mwenzake hunyamaza akangoja zamu yake.

Nyaya hizo mbili husokotwa pamoja. Zikiwa kimya, kila mmoja huwa na volti 2.5 hivi. Kompyuta inaponena, waya wa juu hupanda kukaribia volti 3.5 na waya wa chini hushuka kukaribia 1.5. Kelele ya umeme kutoka nje huzigusa zote mbili kwa kadiri moja, na kwa kuwa msikilizaji hutazama tofauti iliyo kati yao, kelele hiyo haimdanganyi. Katika kila mwisho wa njia pana rezista ya omu 120, kazi yake kuzuia ujumbe usirudi nyuma kama mwangwi.

NAMBA HUTAJA ALIYENYAMAZA

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Namba ya hitilafu ya mawasiliano husema ni nani asiyesikika. Haisemi kwa nini. Askari wa zamu anaporipoti kwamba kituo fulani hakijibu, hajasema kuwa mkuu wa kituo amekufa. Huenda betri ya redio imekwisha, au antena imeangushwa na upepo. Katika kanuni za J1939, kwa mfano, namba 639 ikifuatana na aina ya 9 ina maana kwamba ujumbe katika mtandao hauji kwa wakati wake. Haimtaji mkosaji.

Kwa hiyo namba zote ziandikwe kwenye daftari kabla ya kufutwa. Kompyuta nyingi zikilalamika kwa pamoja, yafaa kushuku kitu wanachoshiriki wote: betri, ethi au nyaya mbili za mtandao. Moja peke yake ikinyamaza, uchunguzi uanze kwenye fyuzi yake, ethi yake na soketi yake.

KUPIMA KWA UTARATIBU

Kwanza ni betri. Ekskaveta nyingi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Betri iliyochoka huangusha umeme wakati wa kuwasha injini, na kompyuta zikakatika usemi. Kagua pia fyuzi, vichwa vya betri na mahali ethi inapofungwa kwenye bodi; rangi na kutu huzuia umeme.

Pili, zima ufunguo, tenga betri, kisha pima omu kati ya nyaya mbili za mtandao. Katika soketi ya uchunguzi yenye matundu tisa, inayotumiwa na mashine nyingi za J1939, nyaya hizo ziko kwenye tundu C na D. Baadhi ya viwanda vina soketi zao, hivyo mchoro wa nyaya wa mashine yenyewe ndio mwamuzi. Kipimo cha omu 60 hivi ni chema, kwa kuwa rezista mbili za 120 zikiwa sambamba hutoa 60. Kipimo cha 120 huonyesha kwamba rezista moja haifikiwi: imeondolewa, imeungua, au waya umekatika njiani. Kipimo kinachokaribia sifuri huonyesha kwamba nyaya zinagusana. Kipimo cha 40 hivi ni dalili ya rezista ya tatu, pengine iliyoletwa na kifaa cha ziada alichofunga mwenye mashine wa kwanza.

Tatu, rudisha betri, fungua ufunguo, pima volti ya kila waya hadi bodi. Waya wa juu usome zaidi kidogo ya 2.5 na wa chini pungufu kidogo. Mmoja ukisoma sifuri, huenda umegusa bodi. Ukisoma 24, umegusa umeme wa betri.

Nne, endapo mtandao wote umelala, zima ufunguo, chomoa kompyuta moja, kisha jaribu tena. Fanya hivyo kwa kila moja kwa zamu. Mtandao ukifufuka baada ya kuchomoa mojawapo, kosa liko ndani yake au katika nyaya ziiendeazo. Ikumbukwe kwamba baadhi ya kompyuta hubeba rezista ndani yake, na kuzichomoa hubadili kipimo cha omu. Mwishowe, tikisa nyaya polepole huku mwenzako akiitazama mita.

MAADUI WA NYAYA

Mashine iliyotumika huja na historia yake. Panya wametafuna, maji ya kuoshea kwa nguvu yameingia kwenye soketi na kuacha ukungu wa kijani, nyaya zimesuguliwa na chuma karibu na mkono wa kuchimbia. Kuchomelea chuma bila kutenga betri na kompyuta huweza kuziunguza kwa dakika moja. Mnunuzi asitoe fedha kabla fundi hajaiona mashine ikiwashwa baridi, hajasoma namba zilizohifadhiwa, na hajakagua nyaya zilizokatwa na kuungwa.

Umeme, ethi na nyaya vikithibitika kuwa vyema, na sanduku likazidi kunyamaza, hapo ndipo ubongo uhukumiwe. Hata hivyo, sanduku lililotolewa kwenye mashine nyingine laweza kukataa kufanya kazi bila kupangiwa programu ya aina na namba ya mashine husika.

Mita ya kupimia umeme ni kitu kidogo, na hutosha katika sanduku la vyombo. Mzee mstaafu atakayedai kuona kipimo cha omu 60 kabla ya kufungua mkoba hajamdharau fundi wake. Amelinda jasho la miaka yake ya utumishi, na karo ya watoto wake.