Jhulan Goswami, Mrushaji Mpira wa Chakdaha

Askari wa India waliomo katika kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Sudan Kusini hawahitaji kuelezwa kriketi ni nini. Kwa wengine, yatosha kusema kwamba mrushaji huutupa mpira mgumu, naye mpigaji mwenye gongo huvilinda vijiti vitatu vilivyo nyuma yake.

Bi. Jhulan Goswami, aliyezaliwa mwaka 1982 katika mji mdogo wa Chakdaha, jimbo la Bengal ya Magharibi, alikuwa mrushaji. Mwaka 1997, akiwa msichana wa kuokota mipira katika uwanja wa Eden Gardens, Kolkata, aliwashuhudia wanawake wa Australia wakitwaa Kombe la Dunia. Tangu hapo hakuwa na shauri jingine. Alidamka alfajiri kupanda gari moshi kwenda mazoezini Kolkata. Wazazi wake walipendelea masomo, wala si ajabu: siku zile kriketi haikumpa mwanamke riziki.

Aliichezea India tangu 2002 hadi Septemba 2022, akawatoa wapigaji 255 katika mechi za kimataifa za siku moja, idadi ambayo hakuna mwanamke aliyekuwa ameifikia. Kombe la Dunia, hata hivyo, lilimponyoka. Katika fainali ya 2017 jijini London, India ilishindwa na Uingereza kwa mikimbio 9 tu.

Mwezi mmoja baada ya kustaafu kwake, chama cha kriketi cha India kilitangaza kuwa wanawake watalipwa ujira sawa na wanaume kwa kila mechi ya kimataifa. Novemba 2025, wanawake wa India walipolitwaa Kombe kwa mara ya kwanza, mjini Navi Mumbai, walimpelekea alishike, naye akabubujikwa na machozi.